Kipindi cha Pili Hakikuchezwa

Mtu wa kwanza kuja kituoni kulalamika kuhusu mechi ya Jumamosi hakuwa ndugu wa marehemu. Alikuwa mama wa mikate, na alikuja kuuliza habari za mabao.

Inspekta alimpa kiti, akamwomba aanze mwanzo. Mama wa mikate akaanza katikati, kama walalamikaji wote, na ilichukua muda mambo kukaa sawa. Yeye alikuwa mdhamini wa mabao katika matangazo ya mpira ya redio ya mji. Mwenye duka la miwani alidhamini mapumziko, Bwana Tofali alidhamini kona, yeye mabao. Timu ya mji ikifunga, mtangazaji analitaja tanuri lake, na atakayewahi dukani jioni hiyo anapewa mkate mdogo wa bure kwa kila bao. Jumamosi timu ilicheza ugenini, ng'ambo ya kilima, na redio ikatangaza ushindi wa mawili kwa moja. Watu walifurika dukani hadi mikate ya kesho yake ikaliwa. Kisha wachezaji wakarudi na habari nyingine kabisa. Ukuta wa uwanja ulianguka wakati wa mapumziko, hakuna aliyekuwa amefunga, fundi cherehani wa mtaa wa soko amefariki, wengine wamevunjika, na mpira haukuendelea.

"Sasa nauliza, afande," alisema. "Nimegawa mikate ya mabao gani?"

Sajini, aliyekuwa akiandika maelezo pembeni, aliinua kichwa. Alikuwa shabiki tangu ujana wake. "La pili lilikuwa la kichwa," alisema. "Nililisikia mwenyewe."

"Kichwa cha nani?"

"Cha mshambuliaji wa kati."

"Mshambuliaji wa kati ni mtoto wa dada yangu," alisema mama wa mikate. "Wakati huo alikuwa amebeba mtu mgongoni."

Sajini aliiweka kalamu mezani, akaitazama kama ndiyo iliyomdanganya.

Jalada la ukuta lilikuwa kwa Inspekta tangu jana yake, jembamba, limeandikwa ajali. Ndani yake hapakuwa na lawama kwa mtu yeyote, bali sifa tu. Bwana Tofali, tajiri wa matofali, alikuwa amepeleka lori na vibarua wenye majembe kufukua watu, na sasa aligharamia mazishi. Inspekta alilisoma tena mama wa mikate alipoondoka. Halikutaja redio. Mbele yake alikuwa na Jumamosi mbili zilizotokea saa ileile. Katika moja watu walishangilia, katika nyingine walikuwa chini ya kifusi, na mashahidi wa pande zote mbili walikuwa watu wazima, wenye akili timamu, wasio na sababu ya kusema uongo.

"Mtangazaji ni nani?" aliuliza.

"Chiriku," alisema Sajini. "Mji mzima unamwita hivyo. Akianza kusema, hata mwenye deni lake husahau kumdai."

Redio ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la baiskeli. Fundi mitambo aliwapokea akiwa na macho mekundu, akakiri kabla hajaulizwa kwamba hata yeye haelewi. Siku ya mechi hubaki studio na vidude vyake masikioni. Anachokisikia kutoka uwanjani ni Chiriku tu, na Jumamosi Chiriku alisema mpira ukaisha salama. Ila kila mechi hunaswa kwenye kanda, alisema, kwa sababu wadhamini hawaaminiani. Kila mmoja anataka kuhakikisha tangazo lake limetoka. Akaitafuta kanda ya Jumamosi, akaiweka kwenye mashine.

Walisikiliza kipindi cha kwanza wote watatu wameinama. Kilikuwa kipindi cha kawaida, tena kibovu. Mpira ukienda kona, Chiriku alipandisha sauti: "Kona hii inaletwa kwenu na Bwana Tofali! Tofali la Bwana Tofali, likisimama limesimama!" Hakuiacha hata moja. Yakaja mapumziko, fundi mitambo akaonyesha kwa kidole kwamba hapo yeye mwenyewe alipiga matangazo ya miwani kutoka studio. Ukuta ulipoanguka, basi, mji ulikuwa ukisikiliza habari za miwani ya kusomea.

Kipindi cha pili kilianza na kelele nyingi za watu nyuma ya sauti ya mtangazaji.

"Hizi kelele," alisema Sajini polepole, "Jumamosi nilidhani ni za furaha."

Chiriku alikuwa akitangaza kwa kasi, sauti imepanda kidogo kuliko kawaida yake. Mpira ulikwenda kushoto, ukarudi, ukatoka. Ikawa kona, ikapigwa. Ikaja kona nyingine.

"Simamisha," alisema Inspekta. "Kona hizi mbona hazina mdhamini?"

Fundi mitambo alikunja uso. Walirudisha kanda, wakasikiliza tena. Kweli, baada ya mapumziko Bwana Tofali hakutajwa popote. Fundi mitambo alisema hilo haliwezekani, Chiriku angeweza kusahau jina la mama yake mzazi lakini si la mdhamini. Inspekta aliuliza kama tajiri huyo aliwahi kuomba asitajwe. Akajibiwa kwamba huwa anapiga simu kulalamika akitajwa kwa haraka.

Wakaendelea. Karibu na bao la kwanza Inspekta aliinua mkono tena, akaomba sauti iongezwe. Chini ya maneno ya Chiriku kulikuwa na sauti nyingine, ya mtu aliye karibu na meza, mwenye pumzi fupi. Mara ya kwanza hawakuipata. Mara ya pili ilisikika vizuri.

"Simu," mtu yule alikuwa akisema. "Tunaomba simu."

Na juu yake Chiriku: "Mashabiki hapa wamesisimka, wasikilizaji!"

Fundi mitambo aliizima mashine bila kuambiwa. Uwanja ule, alieleza, una simu moja tu, iliyomo katika chumba cha mlinzi. Siku ya mechi waya wake huvutwa dirishani hadi kwenye meza ya mtangazaji, na mpira huja mjini kwa njia hiyo. Chiriku akiwa hewani, hakuna mwingine anayeweza kupiga. Alipomaliza kusema hivyo aliigeukia mashine, kwa kuwa naye alikuwa amesikia maana ya maneno yake mwenyewe.

Chiriku alikuwa amejificha kwa dada yake mkubwa, nyumba ya bati jekundu nyuma ya shule. Dada mtu alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Alisema mdogo wake hajala wala hajasema la maana tangu arudi. "Mtoto huyu tulikuwa tunamhonga peremende ili anyamaze," alisema. "Leo nampa chakula ili aseme, hataki." Akawaingiza.

Mtangazaji alikuwa amekaa kitandani, mtu mrefu mwenye mikono myembamba, shati limefungwa vifungo kombo. Sauti iliyojaza mji kila Jumamosi ilitoka kama ya mgonjwa. Inspekta alimwomba aeleze kipindi cha pili.

Alianza vizuri. Alisema alisikia kishindo, akaona vumbi, watu waliokuwa wameketi kivulini mwa ukuta hawaonekani tena. Kisha akasema mpira wa kichwa ule ulipoingia wavuni ndipo alipoanza kutetemeka.

"Mpira wa kichwa uliuona?" aliuliza Inspekta.

"Nikifumba macho nauona, afande."

"Na watu chini ya ukuta?"

"Nao nawaona." Alijifuta uso kwa kiganja. "Vyote naviona pamoja. Wakati mwingine mpira uko hewani na kina mama wanalia, na mimi natangaza vyote. Sijui tena kipi nilikitazama na kipi nilikitunga."

"Bao la wenyeji je? Kwa nini uliwapa bao?"

"Ili iaminike."

Inspekta aliuliza nani alimwambia iaminike. Hapo Chiriku alimtazama dada yake, na dada yake akamtazama yeye kwa jicho la aliyechoka kumlea, ndipo akasema. Mechi za ugenini, msimamizi wa Bwana Tofali huja na gari dogo kutundika bango la kampuni na kukaa naye mezani. Ukuta ulipoanguka, msimamizi huyo alitokea katika vumbi akamshika bega. Alisema tangazo likitoka mji mzima utapanda kilima, barabara yenyewe ni moja na nyembamba, gari la wagonjwa litakwama katikati ya watu. Yeye ana gari, atakwenda mwenyewe kuita hospitali. Chiriku aendelee na mpira kama hakuna kilichotokea, mpaka msaada ufike. Kisha, akiwa ameshageuka kuondoka, akaongeza kwamba jina la bosi lisitajwe tena.

"Hukumuuliza kwa nini?"

"Nilidhani ni heshima, kwa kuwa watu wameumia. Yote yalikuwa na maana, afande. Barabara ni moja kweli. Nilidhani naokoa watu."

"Na aliyekuja kuomba simu?"

Chiriku aliinua mkono wake wa kulia taratibu, akaupunga mara moja, kama mtu anayefukuza nzi. Kisha akauweka chini ya paja, akaukalia.

Walipotoka, Sajini alisema anaona mwanga. Kijana alidanganywa, msimamizi akaenda kuita hospitali, hospitali wakachelewa, basi. Ni uzembe wa kawaida. Inspekta alikubali kwamba huenda ni hivyo. Lakini kama ni hivyo, alisema, sielewi hizo kona.

Wakapanda kilima.

Uwanja ulikuwa mweupe na jua. Pale ukuta uliposimama pamebaki mstari wa msingi tu, na ardhi pande zote ilikuwa safi kama sebule ya bibi harusi. Mlinzi wa uwanja ndiye aliyeomba simu siku ile. Alikuwa mzee mwenye plasta kwenye paji la uso, na hakuwa na kinyongo na mtangazaji, kwa kuwa yeye naye aliambiwa gari la hospitali liko njiani. Aliwaambia kilichofuata kwa mpangilio. Lori la Bwana Tofali lilifika kwanza. Vibarua waliwavuta watu pembeni, wakawalaza kwenye nyasi, kisha wakaanza kupakia matofali. Mlinzi aliwaomba wapakie majeruhi. Wakamjibu lori ni chafu kwa wagonjwa, gari lao liko nyuma. Wakapakia matofali hadi vumbi wakalizoa, wakashuka kilima.

"Watu wa Bwana Tofali ni wasafi," alisema mlinzi, bila kejeli. "Ukuta waliujenga wenyewe mwaka juzi, wameuondoa wenyewe."

"Na gari la hospitali?"

"Halikuja. Basi la timu lilikuwa limeenda kuzibwa pancha. Liliporudi ndilo lililowabeba. Fundi cherehani tulimpandisha anapumua."

Wakati wa kushuka Inspekta alimwambia Sajini asimame mbele ya hospitali. Ilikuwa chini kabisa ya kilima, geti lake limeangalia barabara uso kwa uso. Mji ulianza mbele zaidi, na yadi ya matofali ilikuwa mbele zaidi ya hapo. Mlinda geti alisema Jumamosi hakuna aliyesimama kuomba gari. Aliyewagutusha ni dereva wa basi, na basi lilikuja na wagonjwa tayari. Gari dogo la msimamizi alilikumbuka vizuri. Lilipita likikimbia hata akalitukana.

Sajini alirudi kwenye gari, akashika usukani, hakuwasha. "Lilipita," alisema.

"Lilipita," alisema Inspekta.

Bwana Tofali aliwapokea ofisini kwake kwa unyenyekevu wa mfiwa. Alikuwa mnene, mpole, mwenye tabia ya kumshika mgeni mkono kwa mikono miwili. Dirishani redio ndogo ilikuwa ikipiga muziki, akaipunguza kwa heshima. Dirisha lilitazama uwanja wa yadi, na uwanja ulijaa safu za matofali mabichi yakikaushwa juani.

"Watu wanakushukuru, mzee," alisema Inspekta.

"Ni wajibu, mwanangu. Nilipopata habari tu niliwaita vijana, nikawaambia acheni kila kitu, pandeni lori."

"Habari uliipata wapi?"

"Redioni, kama watu wote."

Kalamu ya Sajini ilisimama. Inspekta hakubadili sauti. "Redio ilisema nini?"

"Ilisema…" Bwana Tofali aliigeukia redio yake dirishani kana kwamba ingemkumbusha. "Si ilisema ukuta umeanguka?"

"Ilisema bao la kichwa," alisema Sajini.

Bwana Tofali alitoa leso, akaikunjua, akaikunja tena. Alisema basi ni msimamizi wake aliyemletea habari. Siku hiyo mambo yalikuwa mengi, na mtu mzima huchanganya.

"Alikuja na gari?"

"Ndiyo, alikuja na gari."

"Alikwambia amepita hospitali?"

"Labda alipita. Labda alisahau. Siku ile kila mtu alichanganyikiwa, afande."

"Hilo ni kweli," alisema Inspekta. "Hata mimi nimechanganyikiwa mpaka leo mchana. Msimamizi wako peke yake ndiye aliyekuwa na gari kilimani. Mtangazaji, mwenye simu, aliambiwa asiiachie. Anayetaka madaktari huanza na geti la hospitali, ambalo liko njiani. Yeye alilipita, akaja mpaka huku mwisho wa mji kutafuta majembe. Nikajiuliza majembe hayo yaliendelea kuchimba nini, watu wakiwa wameshavutwa pembeni? Kisha nikauona uwanja ulivyofagiliwa."

Alisimama, akatoka nje bila kungoja jibu. Sajini alimfuata, na Bwana Tofali nyuma yao akisema jambo kuhusu wakili.

Matofali mabichi yalikuwa ya kijivu. Inspekta alichuchumaa kwenye safu ya kwanza, akaligeuza moja, akalileta machoni. Ndani ya kijivu kulikuwa na chembe za buluu. Aligeuza jingine, likawa na buluu na nyekundu. Alimuuliza Sajini kama ukuta wa ule uwanja ulikuwa umepakwa rangi. Sajini alisema kila mdhamini alichorewa tangazo lake pale, miwani ya buluu, herufi nyekundu za tanuri, wachezaji walikuwa wakipigia picha mbele yake. Alisema hayo huku anaelewa, na mwishoni sauti yake ikapungua. Kifusi kilikuwa kimesagwa na kufyatuliwa upya. Inspekta alilibonyeza tofali moja lililokauka kwa kidole gumba, na pembe yake ikamomonyoka kama sukari guru. Mchanga mtupu, na saruji imetiwa kwa kuonjwa, kama chumvi.

Msimamizi walimkuta kwenye mashine ya kusaga. Alipoona sare aliliweka sepetu lake chini kwa uangalifu.

"Bosi alisema nyufa zikizidi nimwambie yeye kwanza," alisema, kabla hajaulizwa chochote. "Yeye kwanza, kabla ya mtu yeyote. Ndivyo nilivyofanya."

"Nyufa mlizijua?"

"Tangu mvua za mwanzo."

Bwana Tofali alimwita jina la baba yake, kwa upole, kama mtu anayeita mtoto aliyepotea njia. Msimamizi hakugeuka.

Jioni, wote wawili wakiwa wameshafungiwa mahabusu na matofali yamewekewa ulinzi, Inspekta alikwenda mtaa wa soko. Sajini alimwambia angengoja kesho, maana amechoka. Inspekta alijibu kwamba mji hautangoja kesho. Kufikia usiku habari itakuwa imefika kwa mjane kwa midomo ya watu, na kila mdomo utaongeza chumvi yake.

Mjane wa fundi cherehani alikuwa na shemeji yake chumbani, kati ya nguo za wateja zilizotundikwa ukutani. Inspekta alimweleza kwa mpangilio, taratibu, bila kuruka kitu: ukuta, nyufa, lori, gari lililopita geti, simu iliyoshikwa na mpira usiokuwapo. Shemeji alilia. Mjane alisikiliza akiwa ameshika suruali ya mtu aliyokuwa akiitia pindo, sindano imechomekwa katikati ya mshono.

"Mimi nilikuwa napiga pasi," alisema mwishowe. "Alinipa kazi akaniambia, mke wangu, malizia hizi, na ufungue redio usikie tunavyowafunga. Nikafungua. Bao la pili lilipoingia nilipiga makofi. Nikatoka nje nikamwambia jirani, leo atarudi anaimba." Alichomoa sindano, akaichomeka tena palepale. "Sasa nisaidie, afande, maana sielewi. Wakati mimi napiga makofi, yeye alikuwa hai?"

Sajini aliangalia sakafu. Inspekta angeweza kusema hilo ni swali la daktari. Siku nzima alikuwa amewadai watu majibu yaliyonyooka.

"Alikuwa hai, mama."

Mjane aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayepokea maelekezo ya njia. Shemeji yake alitaka kumkumbatia, akamzuia kwa kiwiko, si kwa ukali.

"Huyo mtangazaji yuko wapi?"

"Kwa dada yake. Anaumwa, ingawa si kwa homa."

"Mwambieni aje. Sina ugomvi naye. Yeye ndiye aliyekuwa ameketi akitazama, mimi nilikuwa hapa." Sasa machozi yalikuwa yakimtoka, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Mpira sitaki kuusikia. Aniambie alichokiona."

Walikwenda moja kwa moja hadi nyumba ya bati jekundu. Chiriku alikuwa bado kitandani, sahani haijaguswa. Inspekta alimfikishia maneno ya mjane kama yalivyosemwa. Dada mtu, akiwa amesimama mlangoni, alianza kusema kwamba mdogo wake hawezi, hajui hata anachokumbuka, atazidi kumvuruga mwenzake mwenye msiba.

Chiriku alisikiliza mpaka mwisho. Alifungua vifungo vya shati lake, akavifunga upya vikakaa sawa, kisha akainama chini ya kitanda kutafuta viatu.